Zamu ya Nne

Myamba, Alhamisi alasiri

Namkunda mwanangu,

Nimekuficha jambo kuhusu ile ndiva, bwawa letu la maji, uliyoichora kwenye kompyuta, ile niliyoikataa mbele za watu. Haikuwa na kosa. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi mkono wangu unachoka kabla ya kichwa, na nikianza na salamu na habari za mvua kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto kuandika barua, nitaishia kwenye mvua.

Umeshuka Same kukata tiketi, na utapita Kisiwani kumuaga shangazi yako, kwa hiyo nina alasiri nzima. Habari za sweta, dawa za malaria na kutokula vitu vya barabarani mama yako amekuhubiria wiki nzima, sina la kuongeza. Barua hii nitakupa mkononi ukirudi, kabla ya chakula. Sitaificha kwenye begi ili uikute mbali. Nimeshajificha vya kutosha.

Nina hasira, Namkunda. Sehemu kubwa ni yangu mwenyewe, lakini na wewe una fungu lako. Juzi nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, wewe uko uani unaongea na simu na hao wenzako wa kazi mpya. Nikakusikia: "Mimi niwekeni kwenye uchoraji tu. Hesabu za simulesheni wafanye wengine, zangu hazijakaa vizuri." Kikombe cha uji kidogo kinianguke kifuani. Miaka minne chuoni, hesabu ndizo zilizokupeleka huko, halafu unakubali kuwa mpaka rangi kwa sababu mzee mmoja mwenye koti la kanisani alisimama ukumbini akasema umekosea. Kwa nini uliniamini? Hilo ndilo swali linalonikera kuliko hata haya mapafu. Uliandika milinganyo mwenyewe, ukaikagua mwenyewe, ulijua mimi sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu maishani mwangu. Ukasema, "Sawa baba, nitarekebisha." Sawa gani?

Najua nilikusumbua tangu mwanzo. Uliporudi nyumbani na ile kazi ya masomo ya mtandaoni nilikuita mchora katuni, tena mbele ya wageni. Lakini lile somo la kwanza ulilonionyesha, lile walilolitengeneza kabla hawajakuajiri, lilistahili dhihaka. Mwalimu amekaa, anasoma notisi dakika arobaini, mtandao unakatika, anabaki na mdomo wazi kama anayesubiri kung'olewa jino. Na watoto wetu wa kidato cha pili wamepanda hadi kwenye ule mwamba nyuma ya kanisa kutafuta mtandao, bando linaisha mwalimu angali na mdomo wazi. Nikakuambia huo si ufundishaji, ni mahubiri mabovu. Ukasema, "Ndiyo maana nataka wafanye kitu, baba, siyo watazame mtu."

Ukatengeneza kitu chako, kidogo, chenye ndiva na mashamba, kinachoshuka mara moja kwenye simu kisha kinafanya kazi hata mtandao ukifa. Hilo nililisifu moyoni. Mdomoni nilisema umemweka bata, na ndiva gani ya Upareni ina bata? Ukanieleza kwa subira kwamba bata ni wa kuonyesha kimo. Akishuka, mtoto anaona maji yameshuka. Nikasema weka basi kijiti. Ukasema kijiti hakuna mtoto atakayekitazama.

Halafu kile kisanduku cha makisio. Sitakisahau. Nimebonyeza, hakiendi. Nimebonyeza tena.

"Baba, andika kwanza unavyodhani itakuwa."

"Mimi nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja. Sikisii."

"Basi haitaenda, baba."

Na kweli haikwenda. Nilinuna, nikaenda kulala. Lakini nikiwa kitandani niliwaza kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kumwambia mwanafunzi akisie jambo kabla sijampa jibu. Nilitoa jibu, wakaandika, nikafuta ubao.

Nikueleze kisa kimoja cha darasani. Kuna somo la debe lenye matundu matatu, la juu, la kati na la chini, kuonyesha kwamba penye kina zaidi maji yanatoka kwa nguvu zaidi. Nililichora kila mwaka, vizuri sana, kwa chaki ya rangi. Mwaka mmoja binti wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, wewe umewahi kuliona?" Darasa likacheka. Nikamtoa nje akapalilie maua ya ofisini hadi kengele. Sasa sikiliza: debe tupu la mafuta lilikuwa nyuma ya jiko la shule. Misumari ilikuwapo. Mto uko chini pale. Sikutoboa, mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Sikuliogopa swali la yule binti. Niliogopa kutoboa debe mbele yao halafu maji yatoke tofauti na nilivyochora. Mtu anaweza kuzeeka na woga wa namna hiyo, akauita nidhamu.

Huko unakokwenda wengi hawajui ndiva, itakubidi uwaeleze, na usichoke kuwaeleza. Waambie ni bwawa dogo la milimani. Maji ya chemchemi yanazuiwa humo usiku, alfajiri linafunguliwa tundu la chini, maji yanashuka kwa mfereji kwenda mashambani kwa zamu. Waambie ndiva yetu ina nyumba nne kila siku, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa sita mchana, kila nyumba saa moja na nusu. Wataona ni haki kabisa. Kila mtu anaona ni haki. Muda uko sawa kwa kila nyumba, nani atalalamika?

Huo mpango ni wangu. Hilo unalijua, maana nimejisifia mara nyingi kwenye meza hii hii. Kabla yake palikuwa na mzee Mbonea, mlinzi wa ndiva, na fimbo yake yenye alama za kisu. Aliichomeka majini, maji yakishuka alama moja, zamu inahama. Na foleni ilizunguka, aliyeanza leo kesho anakuwa wa mwisho. Mimi nimetoka chuo cha ualimu, nina saa ya mkononi, nimechaguliwa katibu wa kamati ya maji, na ile fimbo inaniudhi. Alama zake hazikuwa sawa. Za juu zimekaribiana, za chini zimeachana. Nikamwonyesha mwenyekiti, tukacheka: mzee hata kugawa fimbo sawasawa hajui.

Kwenye mkutano nikasema tuingie wakati wa kisasa, tutumie saa. Na foleni isizunguke tena, tukafuata umbali, aliye karibu na ndiva aanze ili maji yasipotee njiani. Mzee Mbonea akainuka taratibu.

"Mwalimu, hiyo saa yako inajua muda. Maji inayajua?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu, "Mzee, saa haizeeki macho." Wakacheka zaidi, upande wangu. Akakaa. Mkutano ulipokwisha, fimbo akaenda nayo nyumbani.

Alama zile ziliachana chini kwa sababu ndiva yetu inabana kuelekea chini. Karibu na sakafu maji ni machache, kwa hiyo lazima yashuke zaidi ndipo yawe kiasi kile kile cha juu. Yule mzee ambaye hakumaliza hata darasa la nne alikuwa anapima ujazo, na mimi niliyekuwa na cheti nilimletea muda. Na kama kwenye lile debe, maji yakishuka nguvu ya tundu inapungua, kwa hiyo saa moja na nusu ya mwisho haitoi maji sawa na ya kwanza.

Nyumba ya mzee Mbonea iko mwisho wa mfereji. Alipofariki ikabaki kwa mwanawe na mkwewe, Mama Mbazi, na huyo mume naye akafa mapema, mama akabaki peke yake jinsi unavyomwona: anapanda tangawizi kila mwaka na kila mwaka inamtoka nyembamba kama vidole. Miaka na miaka alikuja kwenye kamati. "Katibu, maji yananifikia yamechoka." Nami na majibu yangu: mfereji unakunywa, mama, wewe uko mbali, mfereji wako una nyufa, usafishe. Akasafisha. Siku za msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wengine tukiwa tumeondoka kwenda kunywa, yeye alibaki na jembe anakwangua na kusiliba udongo kipande ambacho hata si chake. Nilimwona. Mwaka mmoja kamati ilimpa onyo kwa uzembe wa mfereji. Onyo lile niliandika mimi, kwa mwandiko mzuri.

Ndipo ukaja na projekta.

Sitakusimulia ukumbi ule, ulikuwapo, lakini nataka ujue nilivyouona mimi kutoka kwenye kile kiti cha mbele. Walimu wamejaa, wazazi wamejaa, mwenyekiti anatania, "Leo binti wa Mwalimu ametuletea sinema bila tiketi." Ndiva yetu ikaonekana ukutani, na mashamba manne, na bata wako. Ukaomba watu wakisie. Wote: sawa kwa sawa. Ukafungua maji. La kwanza likawa kijani kibichi, la pili kijani, la tatu linafifia, la nne njano. Mama Mbazi, kule nyuma na kitenge chake cha kanisani, akapaza sauti: "Huyo bata anaogelea kwa nani? Kwangu hata chura haji!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka.

Akaendelea, sasa bila utani. "Ndiyo hivyo hivyo, kwangu ni njano. Lakini Mwalimu anasema ni mfereji. Mwanangu, hiyo mashine yako inaweza kuweka mfereji usiovuja hata tone?"

"Inaweza, mama."

Ukaburuta kile kitufe hadi mwisho. Mfereji ukawa mzima kama bomba. Ukaanza upya. La nne likawa njano vilevile. Likawa na afadhali kidogo, lakini njano.

Hapo ndipo nilipoelewa hicho kitu chako ni nini. Shambani huwezi kuuzima mfereji ili uone kama kosa ni lake. Huwezi kusimamisha jua, huwezi kumwambia Mama Mbazi ahamie juu mwaka mmoja tujaribu. Kila kitu kinatokea pamoja, na anayejua kuongea vizuri ndiye anayechagua wa kulaumiwa. Pale ukutani uliondoa sababu moja, ukaacha nyingine peke yake, na mwanamke ambaye hajawahi kushika kompyuta ndiye aliyekuambia uondoe ipi. Katika miaka yangu thelathini na moja sikuwahi kupata mwanafunzi aliyeuliza swali zuri kama lile.

Watu walianza kugeuka kunitazama mimi.

Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti. Nikasema chemchemi inajaza ndiva huku inatoka, kwa hiyo kimo hakishuki kama ulivyochora, kwa hiyo mwendo wa maji ni ule ule, kwa hiyo picha ina kosa la msingi. Nikaongeza kwamba kompyuta hutenda inavyoambiwa. Unajua na mimi najua kwamba chemchemi ile saa za asubuhi haiongezi hata beseni la maana. Mwenyekiti akashusha pumzi, akasema, "Mwalimu amesema." Mama Mbazi akakaa. Na wewe, mbele ya watu wote, na kalamu mkononi: "Sawa baba, nitarekebisha."

Jioni ile nilichukua karatasi nikapiga hesabu, nikaona kwamba ulikuwa sahihi. Nikanyamaza.

Ukarekebisha. Ukaweka mwendo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, mashamba yote manne kijani, ukaipandisha mtandaoni, na sasa watoto wa sehemu nisizozijua wanaisoma. Wiki iliyopita nilichukua simu ya mama yako nikaifungua. Kisanduku kikaniomba nikisie. Safari hii sikubishana, niliandika: la nne litapata kidogo. Ikacheza, yote kijani, na chini yakaja maandishi yako ya rangi ya chungwa: "Bado. Jaribu tena."

Nilikaa na ile simu hadi ikazima yenyewe.

Uone nilichokufanya. Mimi nilimtoa binti mmoja nje akapalilie maua, na darasa likajua kwamba nimekasirika tu. Labda nyumbani alitoboa debe lake mwenyewe, sijui. Lakini mashine yako haikasiriki, haipigi kelele, inamwambia mtoto kwa upole kwamba amekosea, naye ataiamini kuliko alivyoniamini mimi. Ukiweka kosa humo unaliweka mbele ya kila mtoto anayeikisia vizuri. Kwa hiyo usiniambie tena habari za kuchora tu. Anayechora bata ndiye anayepaswa kujua bata anashuka kwa kasi gani. Ukiwaachia wengine hesabu, siku moja atatokea mwenye koti, huko ofisini nako makoti yapo, aseme mwendo ni mmoja, na wewe utapaka kijani.

Kesho ukifika, rudisha ile ya kwanza. Waambie mwenyewe kwamba ya pili ina kosa, na kosa lilitoka kwa baba yako. Tumia neno hilo, baba yangu, lisikuchome. Na mtu akikupinga, mzee kwa kijana, mwombe akuonyeshe mstari wenye kosa. Mimi ungeniomba vile ukumbini ningeanguka pale pale, kwa sababu mstari haukuwapo. Shikamoo unayonipa asubuhi inanitosha. Hesabu hazihitaji shikamoo.

Nimeandika haya nikapumzika kidogo, mama yako amenipa dawa, ameuliza naandika nini nikamwambia ni habari za sweta.

Nimemwomba mwenyekiti aitishe kamati Jumamosi, hapa sebuleni, maana kupanda hadi ndiva siwezi tena. Mama Mbazi ameitwa kwa jina. Wewe utakuwa umeondoka, na nimefanya hivyo makusudi. Ukiwepo utanionea huruma, utanikatiza, utaniletea maji ya kunywa katikati ya sentensi. Nitawaambia foleni izunguke tena na maji yapimwe kwa kimo. Sijui kama Mama Mbazi atasema kitu. Nadhani nitaweza kustahimili akinitukana. Akisema "hapana shida, Mwalimu" sijui nitatazama wapi. Daktari wa Same ameniambia ninalolijua mwenyewe, kwamba siyo suala la miezi mingi, kwa hiyo usipange kurudi Krismasi ukanikuta nabishana na simu.

Nimesoma tena kurasa hizi tangu mwanzo, nimefika pale niliposema kwamba jioni ile, baada ya ukumbi, nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Hata leo, hata kwako, kalamu imekwenda upande. Nilitaka kulikata neno hilo lakini naliacha ulione. Sikupiga hesabu yoyote jioni ile. Sikuwa na haja.

Nilikuwa nimezipiga siku tatu kabla ya ule mkutano wa saa na fimbo. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeoa, nataka kupanda tangawizi shamba zima la juu, na tangawizi inakunywa. Nilikwenda kwa mzee Mbonea kama mgeni, nikaomba kuishika fimbo, nikazipima alama zake kwa rula, naye akanieleza, bila kinyongo, kwa nini za chini zimeachana. Nilimwelewa mara moja. Nikarudi nyumbani, nikakaa mezani, nikatumia kanuni ile ile uliyoitumia wewe. Kwa saa badala ya fimbo, zamu ya kwanza ingechota karibu mara tatu ya zamu ya nne. Nikarudia hesabu kuanzia mwanzo, jibu likawa lile lile. Halafu nikachukua karatasi safi ya kupeleka kwenye mkutano, nikaandika jina la nyumba yetu kwenye zamu ya kwanza, na la nyumba ya mzee Mbonea kwenye ya nne.